Barua Niliyokataa Kuiandika kwa Ajili ya Jumba la Kilwa

Jumatatu, 2 Juni 1975
Saa kumi, darasa la watu wazima. Wachukuzi wamechoka, wachuuzi wamechoka, mimi pia. Leo historia: Husuni Kubwa, jumba la Sultani wa Kilwa, lina zaidi ya miaka mia sita. Bi Somoe, muuza vitumbua wa hapa Kariakoo, mzaliwa wa Kilwa, alinikatiza. Akasema matumbawe, yale mawe ya baharini yaliyojenga jumba, huchongwa yangali mabichi, yametoka majini sasa hivi. Yakikauka, umechelewa. Mama yake alikuwa mchoma chokaa ya kujengea. Mimi na cheti changu sikuyajua hayo. Aibu. Tumekubaliana, likizo tunakwenda kuliona.

Jumatano, 4 Juni
Nimepeleka barua ya kuomba ruhusa. "Kutembelea jumba la Sultani." Sikufikiri.

Ijumaa, 6 Juni
Mwenyekiti wa kamati ya shule kaniita. Eti nawapeleka wafanyakazi kusujudia ukabaila! Nifute somo, nimwandikie barua ya kujikosoa kabla ya Jumatatu. La sivyo, uhamisho. Nikatoka. Kwa hasira. Sawa, na woga kidogo.

Jumapili, 8 Juni
Karatasi mezani tangu asubuhi. Nyeupe. Siandiki.

Jumatatu, 9 Juni
Nimeingia ofisini kwa Mwenyekiti mikono mitupu. Nikamwambia Sultani hakubeba hata jiwe moja. Waliobeba ni watu kama mama yake Bi Somoe, na nikilifuta jumba nawafuta wao. Akasema nina mdomo. Ninao.
Nahamishwa. Kijiji kipya, ndani kabisa huko Dodoma, kuanzia Julai. Nimelia chooni, nikanawa, nikaenda darasani. Nimefundisha somo lilelile, tangu mwanzo.

Jumapili, 22 Juni. Kilwa Kisiwani
Tumekuja wawili tu, mimi na Bi Somoe. Wengine wameogopa, siwalaumu. Basi limetuvunja mifupa, kisha mashua ikatuvusha. Jumba limebaki kuta, ngazi na bwawa la kuogea lenye pembe nane. Mbuzi wanajilia majani.
Mwaka jana Bi Somoe hakujua hata a. Leo amesoma kibao cha mlangoni chote, kidole kikifuata kila neno. Jina la Sultani akalisoma mara mbili. Kisha akaniuliza, "Na waliojenga, Mwalimu, wameandikwa wapi?"
Nikamwambia hawajaandikwa.
Ameniomba kalamu na karatasi. Amekaa kwenye ngazi, anaandika polepole. Sitamsahihisha.