Mkate wa Mjomba Tohir

Navoi, 3 Machi 2009

Mjukuu wangu Oygul,

Salamu nyingi. Miguu inaniuma kidogo, vinginevyo sijambo. Unakula vizuri huko bwenini?

Mama yako ameniambia kuwa ninyi washindi wa shindano la hesabu mtalala usiku mmoja kwenye ile hoteli ya kifahari ya Bukhara ya kale. Mwanangu, hiyo ndiyo nyumba yetu tuliyouza. Mjomba wako Tohir alipokwenda kutafuta kazi Urusi aling'ata mkate, kama ilivyo desturi yetu kwa msafiri, nami nikautundika ukutani umngoje arudi aumalize. Tulipohama sikuthubutu kuutungua. Sasa ni miaka hatuna habari zake. Niangalizie kama bado upo. Usiuguse.

Bibi yako

Bukhara, 15 Machi 2009

Asalaam alaikum Bibi,

Mimi mzima, na ninakula vizuri. Natumaini miguu imepata nafuu.

Upo! Uko chumba cha juu, chenye nguzo za kuchonga, juu ya kitanda chenye shuka la hariri. Nilipousogelea, Mama Zulayho anayetunza vyumba alinifokea: "We mtoto, mikono chini! Mafundi wamepiga lipu kuuzunguka. Hata tajiri mwenyewe anauogopa, sembuse wewe?"

Nikamwambia ni wa mjomba wangu. Akaketi kitandani, yeye anayetukataza kuketi.

Bibi, mkate umeng'atwa mara mbili. "Vuli iliyopita alikuja mwanamume amekonda, anakohoa," alisema. "Akaomba chumba hiki hiki. Asubuhi namkuta anachovya mkate kwenye chai, anautafuna. Nikamwambia, huna haya, unakula mkate wa msafiri? Akasema, ni wangu mama, wenye nyumba wako wapi? Nikadhani ananidanganya. Nikamwambia sijui, na kweli sikujua. Akautundika, akaondoka."

Mama Zulayho amelia sana. Bibi, ni yeye? Na kama amerudi, mbona hakuumaliza?

Mjukuu wako, Oygul

Navoi, 24 Machi 2009

Oygul wangu,

Salamu. Miguu yangu leo usiiulizie.

Ni yeye. Tangu utotoni alichovya kila kitu kwenye chai, hata tikiti. Anayerudi huumaliza. Anayeondoka hung'ata akaacha. Basi ameanza safari nyingine, na anataka kurudi.

Rudi hotelini umwambie Zulayho asilie. Mimi pia ningemfokea. Nyuma ya barua hii kuna anwani yetu. Aiweke chini ya msumari wa mkate, mahali atakapoiona.

Na akija, asimwache auchovye haraka na kuutafuna ukiwa bado mgumu. Mkate umekauka mno kwa kifua chake. Amchemshie chai nzito, wauchovye pamoja hadi ulainike.

Bibi yako