Ngozi ya Mbiti

Jumatatu, 4 Agosti

Mgongo umekwisha. Bado sikio moja na mkia. Nashona tangu asubuhi, mteja akiingia naisukuma ngozi chini ya kiti cha kukaushia nywele. Ukungu wa hapa Kikima umeingia mpaka ndani ya saluni. Wateja wawili tu, wote wa kusuka mistari ya kawaida.

Magunia, mkonge niliochovya kwenye chai ya rangi, mabaki ya nywele bandia. Meno nimekata kwenye mtungi wa plastiki wa manjano. Yametoka makali. Nimejitisha mwenyewe.

Ngozi ni ya filamu ya Kyalo, yule anayepiga video za harusi. Mtu anageuka fisi, anamaliza mbuzi wa kijiji. Fisi ni kaka yangu Mbiti. Soko zima limecheka. Kwa Kikamba mbiti ndiye fisi huyo huyo, sasa ataigiza nini tena?

Mwaitu, mama yetu, hajui. Mama wa kanisa kama yeye akiiona hii kitu atasema nimeingiza shetani dukani. Naogopa kama mtoto.

Jumatano, 6 Agosti

Tumeijaribu kule juu, kwenye mikaratusi. Mbiti aliingia ukunguni akiwa fundi wa mawe, akatoka fisi. Mabega juu, makalio chini, hana haraka. Mbwa wa jirani alikosa sauti. Kyalo alisahau kubonyeza kamera. Hata mimi nilisahau kwamba sindano ilikuwa yangu.

Tulipokuwa wadogo tulijibana kwenye benchi za video pale sokoni, tukitazama watu wakigeuka mbwa mwitu, chui, popo. Mbiti alipenda pale mtu anapoota manyoya. Mimi nilifumba macho mpaka arudi kuwa mtu. Na kila aliporudi alikuwa anakufa. Filamu za aina hiyo huisha hivyo, na ya Kyalo pia. Mshale, fisi anaanguka, ngozi inavuliwa, kijiji kinaona ni jirani yao na kumlilia.

Alhamisi, 7 Agosti

Nilisinzia kwenye kiti cha saluni, mchana kweupe. Nikaota mwaitu ananyonyesha kitoto cha fisi huku akikiimbia wimbo wa kanisa. Kilinitazama kwa macho ya Mbiti.

Simu ya mwaitu ndiyo iliyoniamsha. Mbona sauti yako ni ya usingizi? akauliza. Nikamwambia niko na mteja. Sipendi kumdanganya. Shida ni kwamba najua kudanganya.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeshikwa. Mwaitu alikuja kusukwa kwa ajili ya Jumapili, akanyoosha miguu chini ya kiti, akagusa manyoya. Akaivuta ngozi yote nje.

Nilingoja maombi ya kukemea. Wapi! Alivaa miwani, akaitisha sindano. Sikio hili ni la mbuzi, akasema, la fisi ni la mviringo. Akalifumua na kulishona upya, akiimba chini chini. Nilitaka kulia kwa raha.

Halafu akauliza filamu inaishaje. Nikamwambia. Sindano ikasimama.

Kabla ya Mbiti walizikwa watoto wawili, kule nyuma ya migomba. Hilo tulijua. Mbiti alipozaliwa, nyanya akampa jina la mnyama, ili kifo kikipita mlangoni kisikie fisi anaitwa, kiende zake. Nani hulilia fisi? Kanisani alibatizwa Danieli. Mwaitu hajawahi kulitamka hilo jina, hata mbele ya pasta.

"Mvalisheni ngozi mpaka mchoke," akaniambia. "Lakini mkiivua, mkamwita mtu, mkamlilia, kifo kitajua nilikidanganya."

Akaondoka, nusu ya kichwa haijasukwa.

Mimi ni Mwende, maana yake mpendwa. Nilizaliwa baada yake, hakuna aliyeona haja ya kunificha. Leo nimeona wivu, aki ya Mungu, na nimeona aibu ya huo wivu.

Jumapili, 10 Agosti

Mwaitu ameenda kanisani na kitambaa kichwani. Hajala.

Nilimfuata Mbiti kwake, nikamwambia waache hiyo sehemu ya mwisho. Akakataa. Nikamwita mbinafsi. Alikaa akijitoa simiti kwenye kucha, halafu akasema hajawahi kusikia mama yake akimwita kama mtu. Hata mara moja. Anataka hiyo ngozi ivuliwe, hata kama ni ya uongo, hata kama ni ya Kyalo.

Yeye na mwaitu wote wana haki. Nimewakasirikia wote wawili.

Jumanne, 12 Agosti

Tumepiga ile sehemu ya mwisho.

Ukungu mzito, wanawake walioitwa kuja kulia wanaonekana kuanzia kiunoni kwenda juu tu. Mbiti chini, mshale umesimama kwenye gunia. Kazi yangu ilikuwa kukata uzi wa tumboni, kuvuta ngozi, kutoka kwenye picha. Mkono ulikataa. Kyalo akapiga kelele, Mwende, vuta! Nikabaki nimeshika wembe.

Mwaitu akatoka ukunguni na sweta yake ya kanisa. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu saa ngapi. Alipiga magoti, akachukua wembe mkononi mwangu, akakata uzi mwenyewe. Akaivuta ngozi polepole, kama anayemvua mtoto nguo zilizolowa. Wanawake wakajiandaa kulia. Akawanyamazisha kwa mkono.

Kisha akajitupia ngozi mabegani. Akavuta kichwa mpaka meno yakakaa kwenye paji lake la uso. Sikumwona mama tena. Niliona fisi mzee ameinama juu ya mtoto, anatazama huku na huku ndani ya ukungu, kama anayekiambia kifo, unayemtafuta ni mimi hapa.

Ndipo akamwita, chini chini. Danieli. Danieli wangu. Amka twende nyumbani.

Mbiti alitakiwa awe maiti. Aliamka analia, makamasi na kila kitu, jitu zima. Akamshika mkono wakateremka, fisi na mtu. Mimi nimelia mpaka kichwa kinauma. Kyalo hakuzima kamera, na ameapa hakati hata kidogo.

Jumamosi, 16 Agosti

Mwaitu amekuja nimalizie kichwa. Mbiti ndiye aliyemleta. Akamtuma, Mbiti, niletee maji, naye akaitika kama siku zote. Lakini alienda akitabasamu.

Ngozi haijarudi. Kyalo ameacha kuidai. Mwaitu huivaa asubuhi akienda kukama, anasema ng'ombe amezoea.

Nimemsuka polepole. Kila nikichana, nyuzi za mkonge zinatoka kwenye mvi zake. Nimezitoa moja moja, nikiziweka kwenye mapaja yake. Baadaye akanishika mkono.

Zingine ziache, akasema. Kwa hivyo nimezisukia ndani.