Nilisema Kupima, Ukasikia Kuugua

Chumba Namba 4, Ghorofa ya Juu,
Nyuma ya Kiwanda cha Kufulia Mashuka.
Tarehe 9 Machi.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Kwa heshima na taadhima nakusalimu. Natumaini magoti yako yamepata nafuu na shemeji hakohoi tena. Mimi ni mzima wa afya. Na neno hilo naomba ulisome mara mbili, kwa kuwa ndilo lililonisukuma kuandika.

Utakumbuka nilikuarifu kwa simu kwamba nimekwenda kupima virusi vya Ukimwi. Muuguzi alikuja kiwandani akatueleza kuwa kupima ni bure, ni siri, wala hakuhusiani na kibali cha kuishi. Hata mkalimani nilimkataa, maana ni mtu wa kwetu, na mtu wa kwetu hakosi jamaa. Nikajieleza kwa lugha yangu ya kuungaunga. Siri hiyo nilikupa wewe pekee, uliyenibeba mgongoni.

Nilisema kupima, ukasikia kuugua. Ukawaomba wenzako wa kikundi cha maombi waniombee, tena kwa jina. Sikatai kwamba ulisukumwa na mapenzi. Lakini umenisaliti, Dada. Nimetafuta neno laini zaidi nikalikosa. Habari ilivuka bahari ikanifikia huku kabla sijaitwa kuchukua majibu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nifuaye nguo za watu ningepaswa kulijua hilo.

Jioni moja nilikuta wenzangu wa chumbani wameninunulia kikombe chekundu.

"Katibu, hiki chako peke yako," alisema Dereva. "Mtu mwenye cheo hachangii vyombo!"

Wakacheka. Mimi niliyewaandikia wote maombi yao ya vibali, nikanywa chai nimesimama.

Majibu yalitoka: sina virusi. Nilipowatangazia, Dereva akajibu, "Kwani nani kakuuliza?"

Hayo ningeyameza. Lisilomezeka ni la Mpishi, mwenzetu wa chumbani, yule anayekuamkia kwenye simu kama mama yake. Amekonda hata mkanda wake umetobolewa tundu jipya, na homa haimwachi. Alikuwa ameniahidi kwamba nikitangulia kupima, naye atafuata. Juzi nilimkumbusha. Akakitazama kile kikombe.

"Kaka, wewe huna, wamekufanya hivi. Je, mimi nikikutwa nao?"

Nikamweleza kwamba dawa zipo, na azimezaye kila siku huishi akalea wanawe. Akageukia ukutani.

Kwa hiyo sidai radhi kwa ajili yangu. Ombi langu ni moja: mpigie Mpishi. Mwambie kwa kinywa chako kwamba kosa lilikuwa la ulimi, si la kupima. Mimi hanisikii tena, wewe anakuheshimu. Akikubali, nitamsindikiza, na vyovyote majibu yatakavyokuwa, tukirudi tutanywea kikombe kimoja, hicho hicho chekundu.

Nisalimie shemeji, Mama Mdogo na wanao wote. Mwenyezi Mungu akuzidishie afya. Na ukitaka kutuombea, Dada, tuombee kimoyomoyo.

Wako akupendaye, hata leo,
Mdogo wako, Katibu.