Sanamu ya Stendi na Kamba ya Mtoni

Baba,

Nimekuweka stendi. Nianze na hilo kabla hujalisikia kwa mwingine, maana watu wetu wa Bariadi nawajua, hata wakifa hawanyamazi. Upo pale mabasi ya Mwanza yanapogeuzia, umesimama juu ya zege, umeshika bunduki, na umeielekeza kwenye mlango wa basi. Abiria anashuka na kuku wake mkononi, anakutana na baba yangu anamlenga.

Usinicheke. Au cheka tu, mimi nimeshindwa.

Nikueleze ilivyokuwa. Tulipomaliza kukuzika, ile kampuni ya pamba uliyokuwa unaisindikizia gari la fedha siku ulipopigwa risasi pale mtoni walikuja nyumbani kutoa pole. Walikuja vizuri, siwezi kusema uongo. Meneja wao alilia mbele ya mama. Akasema mtu aliyekufa akilinda gari lao hawezi kusahaulika, watajenga kumbukumbu ambayo wilaya nzima itaiona. Ikaundwa kamati. Mimi nikaingizwa niwakilishe familia, kwa kuwa ni mwalimu na ndimi mtoto wako mkubwa.

Unajua nilichotaka. Si mimi tu, kijiji kizima kilitaka hivyo. Daraja pale kwenye kivuko, pale pale ulipoangukia. Si la magari, la miguu tu, la akina mama wanaokwenda mnadani na la wanafunzi wangu wanaotoka ng'ambo. Liandikwe jina lako au lisiandikwe, watu wangesema tunapita kwa Afande, basi.

Maana nani asiyekumbuka? Masika, siku ya mnada, ukiwa mapumziko, unavua buti, unakunja suruali mpaka magotini, unafunga ile kamba ya katani kwenye mti wa upande wetu na Mzee Masunga anafunga ng'ambo, watu wanavuka wameishika. "Msiangalie maji! Angalieni mgongo wa aliye mbele!" Siku ile ulimvusha bibi mmoja mgongoni, jogoo wake ukamkalisha juu ya kofia yako ya serikali, na jogoo akafanya alichofanya. Mama aliifua ile kofia huku anasonya. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini.

Bunduki hukuipenda hata siku moja. Enzi ushirika ulipokuwa unanunua pamba peke yake, kazi yako ya polisi ilikuwa wezi wa ng'ombe na ugomvi wa vilabuni, na filimbi ilikutosha. Yalipokuja makampuni, kila moja na gari lake na magunia yake ya noti, ndipo tukaanza kukuona nayo kila wiki msimu wa pamba. Ulimwambia mama, "Siku hizi tunalinda karatasi." Sasa ndiyo hiyo wamekupa uishike milele. Nina hasira, Baba. Nina hasira mpaka nashindwa kusahihisha madaftari ya watoto.

Lakini ngoja, ubaya niliufanya mimi.

Siku ya kikao nilikuwa nimejiandaa. Maneno ya daraja niliyakariri njia nzima kama mtoto wa darasa la kwanza. Kabla sijapewa nafasi, meneja akatoa mchoro wa sanamu uliotiwa kwenye fremu ya kioo, akampa mwenyekiti. Mwenyekiti ni mzee, umri wa babu. Akainuka, akatembea polepole mpaka nilipokaa, akaninyooshea. Na mimi nikapiga goti. Nikapokea kwa mikono miwili. Nikashukuru, nikasema wabeja sana.

Sikufikiri. Magoti yalikwenda yenyewe. Tangu natumwa kupeleka kibuyu cha maziwa kwa babu ulikuwa ukiniambia, "Mayu, mtu mzima akikupa kitu, goti chini, mikono miwili, shukuru." Uliniita mayu, yaani mama, kwa sababu nimerithi jina la mama yako, na nilikuwa naona fahari kukutii. Basi nimetii. Watu wakapiga makofi, vigelegele vikapigwa, na katibu akaandika: familia imeridhia.

Nikasimama nikasema, jamani, sisi tulikuwa na wazo la daraja. Mwenyekiti hakukasirika hata kidogo, alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, si umeshapokea?"

Ningefanya nini? Nimrudishie mzee kitu nilichokipokea kwa goti, mbele za watu, kwenye msiba wa baba yangu? Wangesema mtoto wa Afande hakulelewa. Nikakaa. Nikakaa na fremu mapajani mpaka kikao kikaisha. Ulinifundisha kupokea, Baba. Kukataa hukunifundisha, na nilirudi nyumbani nimekununia wewe, marehemu, njia nzima.

Baadaye nilikwenda ofisini kwao mara mbili. Mara ya kwanza nikaambiwa fundi wa Mwanza ameshaanza kazi. Mara ya pili nikaambiwa barua yangu ya daraja imepokelewa. Hata wao wanajua kupokea.

Sanamu ilipofunuliwa nilikaa mbele na mama. Kitambaa kikavutwa, nikaona fundi amekupa masharubu. Wewe na masharubu! Na jina la kampuni limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina lako. Mama alitazama, akatazama, kisha akauliza kwa sauti mpaka wageni rasmi wakageuka, "Kabula, huyu ni nani?" Nikamwambia ni baba. Akasema, "Haya." Akaomba arudishwe nyumbani. Tangu siku hiyo akienda sokoni anazunguka nyuma ya maghala asipite stendi.

Ningenyamaza, ningezoea. Lakini mvua zimeanza, na juzi mto umembeba Milembe, mtoto wa darasa langu, yule anayepanda kwenye dawati kujibu maswali. Alinasa kwenye mizizi kule chini, wakamtoa. Yu hai. Hajazungumza vizuri bado, na mama yake anasema hamleti tena shule mpaka kiangazi. Hapo ndipo nilipokwenda stendi nikasimama mbele yako nikapiga kelele. Nikakwambia shuka! Shuka hapo uende mtoni! Wapiga debe wakadhani nimechanganyikiwa. Mmoja akaniletea kiti.

Niliporudi, mama alikuwa ameketi na kamba yako mapajani. Wenzako wa kituoni waliturudishia pamoja na mkanda na kofia ulipofariki, na tangu siku hiyo ameilaza chini ya mto wa kitanda, mtu asiiguse. Niliwahi kumwomba, akakataa. Safari hii hakukataa. Akaninyooshea. Nikapiga goti, Baba, nikaipokea kwa mikono miwili, na hapo sikujuta.

Jana nilikwenda nayo kwa Mzee Masunga. Akavuka kwa mtumbwi wa wavuvi wa kambale, akafunga upande wake, barabara kabisa. Mimi nikafunga wa kwetu. Fundo likafunguka. Nikafunga tena, likafunguka tena, na mara ya tatu kamba yote ikaenda na maji, akaivuta kutoka ng'ambo. Nikampigia kelele, Mzee, Baba alikuwa anafungaje? Akajibu, "Sijui, mwanangu! Miaka yote mimi nilikuwa huku!"

Hakuna anayelijua fundo lako. Mama hajui. Wenzako wa kituoni hawajui. Ulituachia kamba ukaenda na fundo. Nililia pale, na watu walikuwa wamesimama na mizigo yao wakingoja nimalize.

Kesho kutwa ni mnada. Sina daraja, na siwezi kukushusha pale stendi. Nakuahidi hili moja. Nitaizungusha kamba kwenye mti wako mara moja, na mwisho wake nitaushika mwenyewe kwa mikono miwili mpaka mtu wa mwisho avuke.

Pumzika, Baba. Wakikuuliza huko habari za yule mwenye masharubu, sema humjui.

Mayu wako,
Kabula