Fuawe ya Baba Kiwandani

Baba mpendwa,

Shikamoo. Na mama mpe shikamoo yake. Mgongo wake umepoa? Mvua imenyesha hapo Handeni, au bado mnaangalia tu mawingu yakielekea Lutindi? Mimi mwili mzima. Roho ndiyo imechafuka, na nakuomba radhi mapema kwa ukali wa barua hii.

Umeniuliza kama fuawe yako, chuma chako cha kufulia majembe, inaweza kurudi. Umesema watu wanakuletea majembe yaliyopinda, nawe unayagonga juu ya jiwe, na jiwe linapasuka. Najua ni mimi niliyekuandikia kwamba taifa linataka chuma, kila kijiji kitoe chakavu, kiwanda kitatutengenezea majembe mapya. Ukaibeba mwenyewe mpaka ofisi ya kijiji. Nilikuwa mjinga, baba.

Kiwanda gani! Tanuru la kuyeyushia chuma lilitoka ng'ambo, likawashwa mara moja, likapasuka. Mafundi wake walisharudi kwao. Chakavu cha vijiji vyote kimelala uani kinaota kutu. Majembe yenyewe yanakuja na meli, yamekatwa tayari. Sisi kazi yetu ilikuwa kutoboa tundu na kugonga mhuri kwamba yametengenezwa Tanzania. Kinyaa kitupu! Nilikuwa nagonga mhuri huo kutwa, jioni hata ugali haupiti.

Wiki iliyopita wakaja wageni wakubwa. Meneja akaamuru tuchome matairi ya lori ndani ya tanuru bovu ili bomba litoe moshi. Wallahi, wageni wakapiga makofi! Kisha akataka waone chuma kikifanyiwa kazi. Vipande kadhaa vya chakavu vilikuwa vimepakwa rangi nyekundu vipendeze. Anayejua kukata chuma kwa gesi ni mimi, nikapewa kimoja, kizito kweli, nikakikata katikati. Cheche zikaruka, wakafurahi kama watoto.

Rangi ilipoungua ndipo nikaliona lile bonde ubavuni, pale babu alipozoea kukunjia shingo za majembe. Nikazima gesi.

Nikamwambia meneja, "Hii ni fuawe ya baba yangu." Akacheka. "Ndugu, chuma ni chuma. Uani kipo tele." Nilitamani kumtemea mate. Kazi yao nimeiacha siku ile ile.

Nisalimie dada wa Mazinde na shemeji yangu wa kwenye mkonge, shangazi wa Dindira, na mjomba mwenye ng'ombe, kila mmoja kwa nafasi yake. Wakiuliza habari za kiwanda, waambie yote. Usinifichie aibu.

Vipande vyote viwili nimevitoa getini ndani ya gunia la nguo. Jumamosi nitashuka navyo stendi ya Korogwe. Usimtume mtu, baba, njoo mwenyewe. Nitukane hapo hapo mbele za watu ukitaka, kisha tuongozane, maana sina uso wa kuingia uani kwako peke yangu.

Mimi mwanao,
niliyeikata.