Kikombe Namba Kumi na Saba

4 Februari

Dada, shikamoo.

Mgongo wako unaendeleaje? Mimi mwili upo, roho ndiyo haijatulia. Nilichokihofia ni kweli: nilipanda ndege na mimba ya shemeji yako bila kujua. Hapa tunapofulia mashuka ya hoteli, mwanamke akikutwa mjamzito anarudishwa kwao, na nesi anakuja Ijumaa ijayo kutupima mkojo.

Kuna mama wa pasi, mtu mzima, wa taifa jingine. Lugha yake siijui, dini yake siijui. Kwao kumkazia mtu macho ni utovu wa adabu, nami miezi miwili nilidhani ana maringo. Jana alinikuta natapika nyuma ya magunia. Alinishika kichwa mpaka nikamaliza. Sasa sijui kama atanichongea.

Mdogo wako

10 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima, mgongo umezeeka pamoja na mwenyewe. Barua yako imeninyima usingizi. Usimwamini mtu ambaye hata salamu hamuelewani. Vaa nguo pana, funga mdomo. Mumeo sijamwambia.

Dada yako

20 Februari

Shikamoo dada, samahani kwa mwandiko.

Ijumaa nimeponea chupuchupu. Tulipanga foleni ya choo, kila mmoja na kikombe chenye namba, changu kumi na saba. Mama wa pasi hapimwi, umri wa kuzaa umempita. Akaninyang'anya kikombe, akaingia, akanirudishia kimejaa. Tangu siku hiyo tunakula pamoja, na nusu ya mkate wake ni yangu nitake nisitake.

Lakini leo nesi kaniita. Mimba hakuna, kasema, ila sukari imepanda mno, nisipotibiwa haraka nitaanguka. Si mimi, dada, ni yeye. Nimejaribu kumweleza kwa mikono, akadhani naomba sukari, akaenda kuniletea. Nikisema ukweli narudishwa. Nikinyamaza je? Nijibu upesi, naogopa sana.

Mdogo wako

1 Machi

Mdogo wangu,

Nyamaza. Mtoto anakuja na nyumba yenu haijaezekwa. Huyo mama ana ndugu zake, wamwangalie wao. Najua ninachokuambia ni kibaya. Naogopa kama wewe.

Dada yako

10 Machi

Shikamoo dada.

Barua yako imenikuta nimeshasema. Jumatatu mama wa pasi alianguka kando ya mashine, midomo imemkauka. Msimamizi akasema ni joto tu, akafungua soda amnyweshe. Niliipiga ile chupa ikapasukia ukutani. Nikasema mbele ya wote kwamba mkojo wa kikombe changu ulikuwa wake. Nikaongeza uongo kwamba nilimlaghai, wasije wakamfukuza na yeye.

Daktari anasema ile soda ingemmaliza. Amezinduka, anatibiwa. Leo nilikwenda kumuaga, nikamchorea ndege kwenye karatasi. Aliitazama, kisha akasogea akanipisha kitandani, tukalala ubavu kwa ubavu hadi nesi aliponitoa.

Tiketi ni ya tarehe ishirini na nne. Namfikiria mume wangu na nyumba isiyo na bati. Waambie nimefukuzwa kazi, ni kweli. Usiwaambie nimejuta.

Mdogo wako