Zamu ya Dungu la Bibi Atu

Jumatatu, 5 Mei

Kutoka Ubaruku mpaka Chimala hakuna mwanaume anayeendesha pawatila kama mimi. Ningezaliwa mapema kidogo, serikali isingehangaika kununua matrekta. Leo nimepeleka mpunga mashineni safari nne. Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika muhogo wa kuchoma. Mashahidi wapo.

Jioni Enesi, mdogo wangu wa darasa la saba, kaja na barua. "Mzazi/mlezi unatakiwa kufika shuleni kesho bila kukosa." Mama kaishika kwa ncha za vidole kama kaokota mjusi. Huku ukiitwa shule, ujue mtoto kavunja kioo au wewe umekosea kuzaa. Kasema niende mimi, yeye ana mpunga.

Naenda. Naogopa nini?

Jumanne, 6 Mei

Kikao. Wazazi tumejaza benchi mbili tu. Mwalimu Mkuu, Madam, kahamia kutoka Iringa mwaka huu, anaongea kama anapigilia misumari. Kasema hatujali elimu. Nusu ya darasa la saba haijaonekana wiki mbili. Moko, ule mtihani wa majaribio, ni Jumatatu ya tarehe 19. Asiyeufanya haingii kambi ya masomo. Asiyeingia kambi, mtihani wa taifa wa Septemba atabahatisha majibu.

Kila mtu anajua watoto wako wapi. Wako shambani juu ya madungu, vile vichanja virefu, wanaamia ndege. Kwelea wakishukia mpunga unaokomaa, asubuhi moja tu wanakuachia majani. Madam kazoea mahindi na viazi, hajui. Na hakuna anayemwambia, wanaona aibu.

Nikasimama. Kaniuliza mimi mzazi wa nani. Nikasema, "Mlezi, Madam. Namlea Enesi. Mama yake naye akikubali namlea." Watu wakacheka. Nikamweleza habari ya ndege. Halafu mdomo ukaenda wenyewe: sisi vijana wa kijiweni tutakaa kwenye madungu kila asubuhi, watoto warudi darasani mpaka moko ipite.

Mwenyekiti wa kitongoji, mbele za watu wote: "Gasper, shule ilikushinda kidato cha pili. Leo ndo uje kuitengeneza?"

"Ndo maana najua ilipo mbovu, Mzee."

Nikakaa.

Jumatano, 7 Mei

Vijana wamegoma. Nikawaambia atakayekataa nitapita na pawatila nikitangaza kwamba anaogopa ndege wa ukubwa wa kidole gumba. Wamejiandikisha sita.

Madam kaandika ratiba, kaibandika ubaoni. Jina langu ndilo la kwanza. Jina langu kwenye ubao wa shule na sio orodha ya viboko. Nimepita kuliangalia mara tatu.

Nimepewa shamba la Bibi Atu. Anaishi na mjukuu wake Imani, wawili tu. Imani ndiye kichwa cha hesabu darasa la saba. Bibi magoti yamekataa, dungu hapandi. Na kile kishamba ndicho chakula chao cha mwaka mzima.

Kanitazama juu mpaka chini. "Wewe si ndo ulikuwa unaniibia mapera?"

"Shikamoo Bibi. Nimeokoka."

"Marahaba. Siku ukishindwa, niambie mapema nimrudishe mtoto. Usinifiche."

Nishindwe mimi.

Ijumaa, 9 Mei

Sauti imekauka. Manati, debe, kelele, tangu jua linachomoza. Mkono unauma. Sijamwambia mtu.

Imani kaniachia kombeo lake, kakimbilia shule na matope magotini. Kaniagiza nisilipoteze. Mtoto wa darasa la saba ananipa maagizo.

Jumamosi, 10 Mei

Madam kaja shambani kwetu. Kavaa gambuti za kuazima, zimemzidi. Kapanda dungu mwenyewe, kapiga debe mpaka kilemba kikadondoka. Alivyoshuka kamwambia Mama, "Nilidhani hamjali." Mama kamjibu, "Na sisi tulidhani unatuita kutusema." Wakacheka kama wamesoma wote.

Kaniuliza barua za wazazi aziandikeje. Nikamwambia toa "unatakiwa", toa "bila kukosa", weka "karibu". Kaandika. Kidato cha pili kasahihisha barua ya Mwalimu Mkuu. Naiweka hapa isipotee.

Jumatano, 14 Mei

Darasa la saba limejaa. Benchi zimepungua, wazazi wawili wamepeleka za nyumbani. Hakuna aliyewaagiza. Mwenyekiti kapita karibu na dungu, kajifanya anaangalia mfereji. Nikampungia mkono kama mheshimiwa.

Ijumaa Afisa Elimu Kata anakuja kujionea. Madam atamweleza. Mimi nina zamu.

Ijumaa, 16 Mei

Mgeni kaja. Nimeongea. Nimeongea vizuri sana. Kanishika mkono, kasema mpango huu ukaigwe kata nyingine. Mwenyekiti kapiga makofi kwa vidole viwili, lakini kapiga.

Ndege wameshukia shamba la Bibi Atu. Wengi mno. Wingu zima. Zaidi ya nusu imeenda. Nimemwambia Bibi hata jeshi lisingewaweza. Kaniomba nimrudishie Imani kombeo lake.

Jumatatu, 19 Mei

Moko imefanyika. Enesi kasema kiti cha Imani kilikuwa wazi.

Madam alimfuata shambani asubuhi kabla ya kengele. Bibi hakugomba. Kasema kilichobaki ndicho watakachokula, hawezi kumwachia mtu tena. Imani mwenyewe kasema hatoki.

Kijiweni wananiuliza ndege wengi hivyo walitokea wapi, mbona mashamba ya jirani hayajaguswa. Nimewaambia waulize ndege.

Watoto wengine wote wamefanya. Wote. Mpango ulikuwa sahihi, na mtu asije akasema haukuwa. Madam anataka uendelee mpaka mavuno. Utaendelea.

Jumanne, 20 Mei

Nimeenda kabla jua halijatoka. Imani alishakaa juu. Hajanifukuza. Kasogea kidogo, nikapata pa kukaa. Tumefukuza ndege mpaka saa nne. Madam katuma salamu kwamba ataomba Imani afanye moko peke yake ofisini. Haijulikani kama watakubali.

Bibi kaleta uji, vikombe viwili. Kaniuliza kama umepoa.

Nilitaka kumwambia pale pale. Nimekunywa uji, nimeaga. Kesho namwambia. Naandika hapa kwanza nijue maneno yakoje.

Ndege hawakuwa wengi. Walikuwa wa kila siku. Mimi sikuwa kwenye dungu. Nilikuwa shuleni, nimevaa shati la pasi, nasubiri kusifiwa.